Mfuko wa Dawa wa Askari Mstaafu

Juma lililopita alinijia msichana mmoja aliyefanya mtihani wa KCSE mwaka jana na kupita vizuri sana, hasa katika kemia na biolojia. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia. Mimi ni mwalimu mstaafu, lakini shule niliyoiacha bado huniita mara kwa mara niwashauri wanafunzi juu ya kozi za chuo kikuu, kwa hivyo machozi ya aina hiyo si mageni kwangu. Msichana huyu anataka kusomea ufamasia. Baba yake amekataa katakata. "Nikulipie karo miaka mitano," alimwambia, "ili ukasimame nyuma ya dirisha ukihesabu tembe? Ama uwe daktari, ama utafute kazi nyingine."

Sikumlaumu mzee huyo, wala simlaumu sasa. Picha aliyo nayo ya mfamasia ndiyo picha tuliyo nayo wengi wetu. Daktari ameandika, mfamasia amesoma, ametia tembe bahashani, ameandika "1 x 3" juu ya bahasha, na mgonjwa amekwenda zake. Hata sura ya mtu huyo hatuijui, maana twauona mkono wake tu ukipita chini ya kioo. Lau ningaliulizwa jambo hili kabla ya mwaka wa 2019, ningalimjibu msichana huyo vile vile alivyojibiwa na mzazi wake. Kilichonibadilisha ni asubuhi moja niliyoketi katika kliniki ya wanajeshi wastaafu nchini Marekani, nami namwomba msomaji radhi nikisimulie kisa hicho kwa kirefu.

Mwaka huo nilikwenda kumtembelea binti yangu katika jimbo la Minnesota, ambako Wakenya wenzetu ni wengi kiasi kwamba mtu hapati taabu kubwa kutafuta unga wa ugali. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa mzee mmoja Mwamerika mweusi, mgane, aliyepigana katika vita vya Vietnam mwaka wa 1968. Tuliingiliana upesi, kwa kuwa sote wawili tulikuwa tukiamka kabla ya jogoo na hatukuwa na la kufanya hadi vijana warudi kazini. Jioni tulimpelekea sahani ya ugali na mboga, naye alinipa hadithi za vita. Siku moja akaniomba nimsindikize kliniki. Mkononi alibeba mfuko wa karatasi wa rangi ya kahawia, na kila alipopiga hatua vichupa viligongana ndani yake. Nilidhani twaenda kwa daktari. "La," akasema, "leo ni siku ya mfamasia."

Moyoni nikajiambia kwamba tutapanga foleni mbele ya dirisha. Haikuwa hivyo. Tuliitwa ndani ya chumba chenye meza, viti vitatu, kompyuta na mashine ya kupimia shinikizo la damu. Mfamasia alikuwa mwanamke wa makamo. Alimwuliza mzee kama aridhia mimi niwepo, na mzee aliporidhia, akamwomba aumimine mfuko wote juu ya meza. Nilihesabu vichupa 14.

Hapo ndipo nilipoanza kukaa wima. Mama yule hakuuliza, "Je, dawa hii unainywa?" Aliuliza, "Hebu nieleze, hii uliimeza lini mara ya mwisho, na uliimeza kwa sababu gani?" Walimu wenzangu wataiona tofauti mara moja. Mwanafunzi ukimwuliza kama ameelewa, atakwambia ndiyo ili mwende mapumziko. Mwambie akueleze alichokielewa, na hapo utajua ulikuwa ukifundisha ukuta au mtu. Kwa njia hiyo, kichupa baada ya kichupa, yalitoka mambo ambayo mzee hakuwa amemwambia mtu yeyote.

La kwanza lilinihusu mimi. Mzee alikuwa na maradhi ya moyo ambayo huufanya mpigo wake uende shaghalabaghala, na kwa ajili hiyo alikuwa akinywa warfarini, dawa inayozuia damu isigande na kuleta kiharusi. Dawa hii ina historia ya ajabu. Ilitokana na uchunguzi wa majani yaliyooza ambayo yaliua ng'ombe wa wakulima wa Marekani katika miaka ya 1920. Mwanakemia Karl Paul Link na wenzake katika chuo kikuu cha Wisconsin walikitafuta kilichomo ndani ya majani hayo, na kutokana na kazi yao ikatengenezwa sumu ya panya iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1948. Ilipofika mwaka wa 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya binadamu. Dawa ya namna hiyo haitaki mzaha. Ikizidi, mtu huvuja damu. Ikipungua, damu huganda. Mgonjwa kama mzee huyu hupimwa damu yake mara kwa mara, na kipimo hicho hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Mfamasia alimchoma kidole, akatia tone la damu katika kimashine kidogo, na jibu likawa 1.6.

"Wiki hizi tatu umebadili chakula?" akauliza.

Mzee akanigeukia. Kwa wiki tatu tulikuwa tukimpelekea sukuma wiki karibu kila jioni, na sahani tulikuwa tukiijaza kwa ukarimu wote wa Kiafrika. Yeye mwenyewe aliijua mboga hiyo tangu utotoni, kwani watu wa kusini mwa Marekani huila sana, ila tangu mkewe afariki hakuwa na mtu wa kumpikia. Sasa, mboga za majani mabichi zina vitamini K kwa wingi, na vitamini K ndiyo inayopigana na warfarini. Mimi na binti yangu, kwa nia njema kabisa, tulikuwa tukiizima dawa ya moyo wa jirani yetu kwa sufuria. Niliitazama sakafu.

Nilitazamia mama yule atapiga mboga hiyo marufuku. Hakufanya hivyo. Alisema mzee anahitaji mboga, tena anahitaji wageni, na kwamba jambo la maana ni kiasi kisipandeshwe wiki hii na kushushwa wiki ijayo. Wakakubaliana sahani nne kwa juma. Kisha akarekebisha kipimo cha dawa kilingane na mboga, akapanga apimwe tena baada ya siku saba. Sijapata kuona elimu ya sayansi ikitumika kwa adabu kama ile.

La pili lilikuwa zito zaidi. Miongoni mwa vichupa 14, viwili havikutoka katika kliniki ile. Kimoja kilikuwa cha naproxeni, aliyoandikiwa na daktari wa nje kwa maumivu ya goti. Cha pili alikinunua dukani mwenyewe ili apate usingizi, na ndani ya tembe zake mlikuwa na ibuprofeni iliyochanganywa na dawa ya kulevya usingizi. Naproxeni na ibuprofeni ni za ukoo mmoja. Kwa maneno mengine, mzee alikuwa akimeza dawa ya aina moja mara mbili bila kujua, na kila moja yaweza kuchubua tumbo na kulitoa damu, huku warfarini ikizuia damu hiyo kukatika. Isitoshe, kwa ajili ya presha alikuwa akinywa lisinopili na dawa nyingine ya kupunguza maji mwilini. Mbili hizo pamoja na zile za maumivu zikikutana katika mwili wa mzee, figo hukosa damu ya kutosha ya kuchuja. Mfamasia aliigeuza kompyuta ili tuione: uchunguzi wa damu wa mwezi huo ulionyesha figo zikilegea, ilhali mwaka mmoja kabla zilikuwa salama.

Na ile dawa ya usingizi? Tangu mwaka wa 1991 kumekuwapo orodha ya dawa zisizowafaa wazee, iliyoanzishwa na daktari aitwaye Mark Beers, nayo imo. Humpumbaza mzee na kumfanya apepesuke. Mama yule aliuliza kwa sauti ya chini kama amepata kuanguka. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema ameanguka mara mbili usiku akienda msalani. Hakuwa amemwambia daktari. Hakuwa amewaambia wanawe. Mimi niliyekula naye kila siku sikujua.

Basi mfamasia akaziondoa zile mbili. Kwa goti akampa parasetamoli, akamwonyesha kiasi cha mwisho cha siku ambacho hapaswi kukivuka, pamoja na mafuta ya kupaka yaliyotengenezwa kwa ukali wa pilipili. Kipimo cha metformini, dawa yake ya kisukari, alikipunguza hadi figo zipimwe tena, kwa kuwa dawa hiyo hutolewa mwilini kupitia figo. Haya yote aliyaandika katika jalada la mgonjwa papo hapo, ili daktari wake na muuguzi wake wayasome kabla ya chakula cha mchana. Tulikuwa tumeketi humo muda wa dakika 40 hivi.

Nilishindwa kujizuia. Nikamwuliza, kwa adabu, kama daktari hatakasirika akiona mfamasia amezigeuza dawa zake. Alicheka. Akanieleza kwamba ana hati rasmi inayotaja maradhi ambayo ameruhusiwa kuyasimamia, na kwamba katika maradhi hayo ana mamlaka ya kuanzisha dawa, kuibadilisha, kuisimamisha na kuagiza vipimo vya damu. Kazi ya kutambua ugonjwa ni ya daktari. Ugonjwa ukishatambuliwa, kuupigania kwa dawa mwezi baada ya mwezi ni kazi wanayoigawana.

Niliporudi nyumbani nilisoma habari za jambo hili kwa bidii ya mwanafunzi anayekaribia mtihani. Idara ya Marekani inayowahudumia wanajeshi wastaafu iliundwa mwaka wa 1930, ikapandishwa kuwa wizara kamili mwaka wa 1989. Leo ina hospitali zipatazo 170 na zahanati zaidi ya 1,000, na walioandikishwa kwa matibabu ni kiasi cha milioni 9. Kwa miaka mingi ulikuwa mfumo wa mahospitali makubwa: askari aliugua, akalazwa, akapona au akafa. Mwaka wa 1994 alikuja daktari Kenneth Kizer kuiongoza sehemu ya afya, akaugeuza mfumo ule uelekee huduma za msingi, yaani kumtunza mtu kabla hajazidiwa. Mwaka uliofuata, 1995, wafamasia wa idara hiyo wenye elimu ya kutosha wakathibitishiwa mamlaka ya kuandika dawa. Mwaka wa 2010 ukaanzishwa utaratibu wa vikosi: daktari au mwenzake, muuguzi msimamizi, muuguzi msaidizi na karani, wakihudumia wagonjwa wapatao 1,200, na mfamasia mmoja akivitumikia vikosi vitatu hivi. Napenda hilo neno kikosi. Askari hahitaji kufasiriwa maana yake.

Mtu atauliza, mbona kwa wanajeshi wastaafu hasa? Sababu zipo. Askari mzee hubeba maradhi mengi kwa wakati mmoja, na mengine ni majeraha ya vita yaliyochelewa kujitokeza. Kule Vietnam ndege za Marekani zilinyunyizia misitu dawa ya kuua majani, na tangu mwaka wa 2001 serikali yao inakubali kwamba kisukari cha askari aliyehudumu huko kichukuliwe kuwa kilitokana na sumu hiyo. Shinikizo la damu liliongezwa kwa sheria ya mwaka wa 2022. Kwa hiyo tembe zile juu ya meza hazikuwa za uzee tu. Kuna na maumivu ya viungo, kukosa usingizi, na jinamizi za usiku ambazo hazikwishi hata vita vikiisha. Kwa miaka mingi maumivu hayo yalizimwa kwa dawa za jamii ya afyuni, na wengi wakawa watumwa wazo. Tangu mwaka wa 2013 idara hiyo imekuwa na mpango wa kupunguza dawa hizo, na wafamasia wamekuwa mstari wa mbele katika kazi ngumu ya kumshusha mtu kipimo pole pole bila kumtupa katika mateso. Isitoshe, takriban nne kwa tano ya dawa za wagonjwa wa nje wa idara hiyo hupelekwa kwa posta kutoka ghala chache kubwa ambamo mashine ndizo zihesabuzo. Mashine zimeichukua kazi ambayo baba wa msichana yule anaihofia, na mfamasia amepata nafasi ya kukaa na mtu.

Sasa yanipasa niseme yasiyopendeza, maana nisije nikaonekana mpiga debe. Idara hiyo si pepo. Mwaka wa 2014 iligunduliwa kwamba katika hospitali yake ya Phoenix orodha za wagonjwa wangojao zilikuwa zikifichwa, na waziri wake, Jenerali mstaafu Eric Shinseki, akajiuzulu. Wapo madaktari wasemao kwamba mfamasia anapewa kazi ya daktari kwa sababu mshahara wake ni mdogo, na hilo halikosi ukweli kabisa. Tena ushahidi wenyewe una mikunjo. Katika miaka ya 1990 ulifanywa utafiti mkubwa katika hospitali 9 za idara hiyo, ukawahusisha wagonjwa zaidi ya 1,000 waliokuwa katika hatari ya kudhuriwa na dawa. Mafuta ya damu yalishuka vizuri kwa waliohudumiwa na mfamasia wa kliniki. Lakini gharama hazikupungua kwa kiasi cha kujivunia, na wagonjwa wenyewe, walipoulizwa juu ya maisha yao kwa jumla, hawakuona tofauti kubwa. Nayaeleza haya kwa makusudi, kwa kuwa wanafunzi wasomao safu hii wanafundishwa kwamba sayansi ni kupima, na anayepima hupata pia majibu asiyoyapenda.

Hata hivyo nina mizani yangu mwenyewe, na siwezi kuificha.

Marehemu baba yangu alikuwa askari wa King's African Rifles. Alipelekwa Burma, akapita bonde la Kabaw mwaka wa 1944 katika mvua na malaria, akarudi na nyota ya shaba yenye pembe sita na mguu uliomuuma hadi kaburini. Mtu aendaye Nairobi katika barabara ya Kenyatta huziona sanamu tatu za askari na wapagazi wa vita vilivyotangulia hivyo; kila nilipozipita na baba alizivulia kofia, kisha akaniambia kwamba sanamu haiulizwi imekula nini. Uzeeni alipatwa na kisukari na presha. Hakuwa na kikosi. Dawa alizipata hospitali moja mjini, nyingine katika zahanati karibu na soko, na nyingine dukani, kila mahali kwa daftari jipya la shule ambamo daktari aliandika bila kujua aliyoyaandika mwenzake. Sisi wanawe tulimsifu kwa kuwa mtiifu: hakuacha tembe hata moja. Asubuhi moja mwaka wa 1996 mama alimkuta amelowa jasho, hajitambui. Alifariki kabla gari halijapatikana. Tulisema ni presha. Tukamzika.

Niliporudi kutoka Minnesota nililifungua sanduku lake la mbao. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa ametia humo kila kitu: medali, kipande, miwani, na dawa zilizobaki, zikiwa zimefungwa katika leso. Nilizitandaza mezani kama nilivyoona mama yule akifanya. Palikuwa na kikasha chenye jina la kibiashara kwa herufi kubwa, na bahasha ya zahanati yenye jina la dawa kwa mkono. Nikavaa miwani nikasoma maandishi madogo ya kile kikasha. Dawa ilikuwa ile ile, glibenklamidi, ambayo kazi yake ni kushusha sukari. Baba alikuwa akinywa vipimo viwili kila siku kwa majina mawili, na sukari ikishuka kupita kiasi mtu hulowa jasho, hupoteza fahamu, na hufa.

Siwezi kuapa kwamba ndiko kulikomuua. Hakupimwa sukari asubuhi ile wala mwili wake haukufanyiwa uchunguzi, na hao waliomwandikia dawa walikuwa watu wema waliochoka. Simtafuti mshitakiwa. Ninachosema ni kwamba lau mtu mmoja, mmoja tu, angaliketi naye dakika 40 na kumwambia, "Mzee, mimina mfuko wako hapa," jambo hilo lingalionekana na mtu yeyote aliyesoma ufamasia mwaka mmoja.

Kwetu elimu hiyo ipo. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifundisha ufamasia tangu mwaka wa 1974. Shahada huchukua miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa kazi chini ya usimamizi, na wapo wanaoendelea hadi shahada ya pili ya ufamasia wa kliniki. Baadhi yao nimewaona katika hospitali zetu kubwa wakizunguka wodini pamoja na madaktari. Lakini wodini ndiko wanakoishia. Katika zahanati ya kata, ambako mzee wa presha na kisukari ndiko aendako kila mwezi, aghalabu hakuna mfamasia hata wa kuhesabu hizo tembe. Na wazee hao wanaongezeka. Dawa za shinikizo la damu sasa ni jambo la kawaida katika kila nyumba yenye bibi na babu, na vijana wetu walioingia Somalia kuanzia Oktoba 2011 watazeeka kama alivyozeeka baba. Bunge letu lilipitisha sheria ya wanajeshi wastaafu mwaka wa 2022. Ni jambo jema. Nitaipenda zaidi siku nitakapoona imemfikia mzee mmoja kijijini na kumketisha mbele ya mtu anayeijua dawa.

Najua nitaambiwa hatuna pesa za Marekani. Hatuna. Lakini kile nilichokiona katika chumba kile hakikuwa mashine. Kimashine cha kuchoma kidole ndicho kilichokuwa ghali, na hata hicho si cha kutisha. Vingine vilikuwa meza, kiti cha tatu, jalada moja linalosomwa na wote, na mtu aliyepewa ruhusa kwa maandishi kuitumia elimu yake. Hiyo ruhusa ndiyo iliyo ngumu kwetu, kwa sababu haiji na meli. Yataka daktari akubali kugawana heshima, jambo ambalo sisi wasomi wa nchi hii hatujalizoea sana, na walimu wakuu wenzangu wasinicheke, maana hata ufunguo wa stoo ya chaki hatukuupenda uwe mikononi mwa mwingine.

Jirani yetu wa Minnesota yu hai. Binti yangu huniarifu kwamba figo zake zilirudi karibu na zilivyokuwa, na kwamba goti bado linamsumbua wakati wa baridi, naye hulilalamikia sana. Sahani ni nne kwa juma. Ya tano akiitamani huomba ruhusa.

Kuhusu msichana, nimempigia baba yake simu. Tuliongea kwa upole, kama wazee wawili. Amekubali kuja shuleni Alhamisi tuyazungumze, ingawa amenionya kwamba hatabadili nia. Nilimwuliza juu ya afya yake, akaniambia ana presha mwaka wa sita sasa, na mgongo unamwuma, ila anazo dawa, tena nyingi. Nimemwomba aje nazo zote katika mfuko.